Kulala Si Matumizi

Nyumbani walimwita Benki. Jina alipewa na shangazi yake siku pesa ya kwanza ilipoingia kutoka ng'ambo, na likamkaa vizuri mno: binamu zake wakitaka kukopa walisema wanakwenda benki, na akichelewa kupokea simu walisema leo mtandao uko chini. Yeye mwenyewe alikuwa mpiga pasi. Kwa usahihi zaidi, alikuwa nusu ya jozi ya wanawake waliosimama mbele ya mashine ya roli katika kiwanda kinachofua nguo za hospitali, kila mmoja ameshika pembe mbili za shuka. Wanaivuta ikanyooka, wanailisha mashine, na kabla haijatokea upande wa pili wameshika nyingine. Mvuke ulikuwa umemchora mikono alama ndogo ndogo, kuanzia kifundo hadi kiwiko. Kwenye picha alizotuma alivaa mikono mirefu, na nyumbani wakaambiana: unaona, huko kuna baridi.

Baridi ilikuwapo pia. Hilo halikuwa uongo.

Mshahara wake ulikuwa elfu mbili na mia moja kwa dola. Katika familia ile kila kitu cha ng'ambo kilihesabiwa kwa dola, fedha ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulipwa. Mwaka ule wa kwanza Shangazi alichukua elfu mbili na mia moja, akazidisha kwa bei ya siku hiyo ya kubadilisha fedha, akapata tarakimu ndefu kama namba ya simu. Akaisoma kwa sauti mara mbili, kisha akatafuta kiti.

Aliye nyumbani huzidisha. Aliye ugenini hugawanya, na hugawanya mahali ambapo hakuna anayemwona: mbele ya rafu ya mafuta ya kupikia, chupa mkono huu na chupa mkono huu, midomo inacheza bila sauti.

Mgawanyo wa Benki ulikuwa hivi. Makato ya serikali na bima yalipita kwanza, kabla hajauona mshahara, yakaacha elfu moja mia sita na hamsini. Chumba kililamba mia nane. Kilikuwa chumba cha ghorofa ya tatu chenye kitanda, meza na dirisha linalotazamana na dirisha la watu wengine, pamoja na haki ya kutumia jiko sambamba na wanawake wawili ambao kila mmoja alitia kufuli kabati lake la unga. Basi, chakula, hita na simu vikamaliza mia nne na ishirini. Zilibaki mia nne na thelathini. Mia tatu alituma nyumbani. Mia moja na thelathini ndiyo ilikuwa Benki yenyewe, pamoja na viatu vyake, miwani yake na jino lililokuwa likimsumbua.

Mwanzoni alijaribu kueleza. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho, kwa upole, kisha akasema, "Mwanangu, kama hutaki kutuma, sema tu hutaki. Hatutakununia." Tangu siku hiyo Benki hakueleza tena.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, dereva wa kreni kwenye bandari ya nchi nyingine, nchi ya jua kali. Huyu walimwita Linta, kwa sababu nyumba aliyokuwa akijenga kwao ilifika kwenye linta, ule ukanda wa zege juu ya madirisha, ikagoma kupanda zaidi, ikabaki imesimama kiwanjani na madirisha yake wazi kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Linta alilipwa mia tisa. Hakuna aliyezidisha mia tisa za Linta. Zilionekana ndogo hata kabla ya kuguswa. Lakini Linta alilala kwenye bweni la kampuni, alikula kwenye bwalo la kampuni, basi la kampuni lilimchukua alfajiri na kumrudisha jioni, na ovaroli na sabuni vilikuwa vya kampuni. Tangu atoke kwa baba yake hajawahi kulipia kitanda. Katika mia tisa, hamsini ziliishia kwenye simu na vitu vidogo. Akituma mia mbili, Shangazi alisema, "Maskini, amejinyima mtoto wa watu." Benki akituma mia tatu, Shangazi alisema, "Asante," kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Hivyo wakaenda miaka, mmoja akihesabiwa tajiri na mwingine akihurumiwa, na wote wawili wakilalamika kwa nguvu sawa. Kulalamika ndiyo ilikuwa salamu yao. Mtu wa ng'ambo akisema mambo ni mazuri, kabla hajakata simu kuna harusi anachangia.

Kisha baba yao akaanguka. Mzee alikuwa mpiga chapa mstaafu, mjane, mtu wa kujibu kwa mkato, na alianguka kutoka kwenye stuli akibadilisha balbu. Baadaye ilijulikana kwamba balbu haikuwa imeungua. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Nyonga ilivunjika, ikafungwa vyuma, na daktari akasema mgonjwa atahitaji mtu mwenye nguvu wa kumgeuza, kumnyanyua na kumtembeza, kwa mwaka mzima na huenda zaidi. Shangazi, dada yake Mzee, aliyeishi naye nyumba moja, alikuwa na magoti ambayo hata yeye mwenyewe yalimnyanyua kwa masharti. Waliajiri watu wawili. Wa kwanza alifukuzwa na Mzee, wa pili na Shangazi.

Ndipo Shangazi akatoa uamuzi: mmoja wa watoto atarudi, na atakayerudi ni yule mwenye kipato kidogo, ili familia isipate hasara. Ilisikika kama haki. Hakuna aliyeuliza nani anataka kurudi, kwa kuwa jibu lilijulikana. Linta alikuwa na mabati ya kuezekea, yamelipiwa, yamerundikwa kwenye stoo ya jirani. Benki alikuwa na miezi minane. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akiishi kwa kibali kinachoongezwa kila mwaka. Baada ya miezi minane angepewa cha kudumu, kile ambacho mtu akiwa nacho anaondoka na kurudi apendavyo. Akiondoka kabla, hesabu inafutwa na kuanza moja, na kwa umri wake wa miaka arobaini na sita asingepata mlango wa kuanzia hiyo moja.

Jumapili mchana wakakutana kwenye simu, wote watatu. Shangazi alikuwa na desturi ya kuishika simu kiasi kwamba ng'ambo ilionekana paji lake la uso tu.

"Haya, mdogo aanze," alisema. "Unapata nini huko?"

"Shikamoo Shangazi. Kwa kweli mimi Mungu amenijalia."

"Wewe?"

"Mimi. Mambo yangu ni mazuri. Sikutaka tu kujionyesha."

Paji la uso likatoweka. Ukasikika mbonyezo, halafu sauti ya Linta mwenyewe, iliyorekodiwa, yenye kikohozi: "Shangazi, mwezi huu naomba univumilie, huku hata dawa ya meno tunapasua bomba kwa mkasi."

"Huyu ni nani?" Shangazi akauliza.

"Ni mimi, lakini hiyo ni ya zamani."

"Ni ya mwezi uliopita."

Benki akacheka. Hakupaswa kucheka. Mbonyezo mwingine, na sasa ikaja sauti yake: "Shangazi, nimekula mkate na chai wiki nzima, sina hata la kusema."

"Na huyu?"

"Nilikuwa kwenye dayati," Benki akasema.

Kutoka kitandani, nyuma ya paji la uso, ikasikika sauti ya Mzee: "Mnanipiga mnada? Nimefika ngapi?"

"Nyamaza kaka, tunakutafutia mtu."

Wakaingia kwenye hesabu. Linta akataja mia tisa, akatoa hamsini, zikabaki mia nane na hamsini, na jumla hiyo ilimshangaza hata yeye, kwa maana hakuwahi kuzisikia zimekaa pamoja. Shangazi akamgeukia Benki. Makato ya serikali akayakubali: na serikali hatubishani. Bima akaikubali kwa kuguna. Basi akalikubali. Chakula akakikubali, kwa sababu hata wao walikula.

"Halafu chumba," Benki akasema. "Mia nane."

"Chumba cha nini?"

"Ninacholala."

"Mia nane kwa kulala?" Shangazi akacheka kwa dhati, na Linta naye akacheka. "Wewe mtoto! Mtu anakula, sawa. Anapanda basi, sawa. Lakini kulala? Kulala si matumizi. Futa hiyo."

Inafaa kueleza kwamba hakuwa anatania. Nyumba ile ilijengwa na baba yake Shangazi. Humo alizaliwa, humo alirudi alipoachika, humo wote walilelewa, na katika ukoo mzima hakuna mtu aliyewahi kumlipa mtu mwingine ili afumbe macho. Kodi ya chumba waliijua kwa kuisikia. Waliichukulia kama kitu kinachowapata watu waliogombana na wazazi wao.

Benki alifungua mdomo. Mbele yake, ukutani, kulikuwa na kalenda ya kiwanda, na miezi minane ilitosha kwenye kurasa zilizobaki na nyingine chache. Akaufunga.

"Haya," Shangazi akasema, "mia nne na thelathini, ongeza mia nane. Elfu moja mia mbili na thelathini. Benki ni Benki. Linta, baba, utarudi wewe."

"Sawa," akasema Linta. Hakuna kilichomshinda Benki kama hiyo "sawa." Kama angebisha, wangegombana, na katika ugomvi mtu hupata hoja.

Katikati ya wiki, wakati wa mapumziko ya mchana, Linta akampigia. Benki alikuwa amekaa juu ya toroli la mashuka machafu lililofungwa, anakula wali wake kwenye kopo.

"Dada, nikuulize. Mtu mzima ananyanyuliwaje kitandani bila kumuumiza?"

"Mbona unaniuliza mimi?"

"Si uko hospitali?"

"Mimi niko kwenye mashuka, mdogo wangu. Hospitali yenyewe sijawahi kuiona."

"Basi niambie shuka inabadilishwaje mtu akiwa amelala juu yake. Nimejaribu kwa mwenzangu hapa bwenini. Ameanguka."

Benki akaeleza alivyokuwa akisikia: unamlaza ubavu, unakunja ile chafu mpaka mgongoni kwake, unatandika safi nusu, unamgeuza. Linta akarudia maneno yote polepole, kama anayekariri. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mabati nimepata mtu. Anakuja kuyachukua wiki ijayo."

"Unauza mabati?"

"Nitakula nini nikifika? Nafasi yangu hapa hawanishikii, wameshaniambia. Mwenye zamu ya usiku ndiye anapanda kreni yangu."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Wewe kaa huko, dada. Wewe ndiye mwenye mshahara. Ukirudi wewe tutakufa njaa wote." Akacheka kidogo. "Sijakasirika, usifikiri. Nimekupigia kwa ajili ya shuka tu."

Kengele ya kiwanda ikalia. Mwenzake wa mashine alikuwa tayari ameshika pembe zake mbili, anamsubiri.

"Usiuze hayo mabati mpaka Jumapili," Benki akasema. "Umenisikia? Mpaka Jumapili."

Jumapili aliomba yeye mwenyewe kikao. Shangazi alidhani ni suala la nauli ya Linta, akaja na kalamu.

"Shangazi, nina neno kuhusu zile mia nane."

"Zipi?"

"Za kulala. Nalipa kweli. Kila mwezi, tarehe moja. Nisipolipa nalala nje."

"Nje wapi?"

"Nje, Shangazi. Barabarani."

"Kwani huko huna ndugu?"

"Ndugu zangu ni nyinyi."

Linta alikuwa ameganda kwenye kidirisha chake, na si kwa sababu ya mtandao.

"Kwa hiyo kinachobaki..." Linta akaanza.

"Mia nne na thelathini. Wewe unabakiza mara mbili yangu. Umekuwa ukibakiza mara mbili yangu miaka yote, pumbavu wewe, na bado mimi ndiye unayeniomba nikununulie hata kofia."

Shangazi alikuwa ameshavuta kikokotoo. Walimsikia akibonyeza: mia nane, mara kumi na mbili, mara kumi na moja. Kwa desturi angeisoma tarakimu kwa sauti mara mbili. Safari hii aliisoma mara moja, na polepole.

"Hiyo ni nyumba," akasema.

"Ni nyumba."

"Ya nani?"

"Ya mwenye nyumba."

"Yaani umemjengea mtu nyumba nzima."

"Na paa nimeezeka," Benki akasema, na Linta, ambaye hakuwa na paa, akapasuka kwa kicheko mpaka akajifunika mdomo.

Shangazi hakucheka. "Zile mia tatu," akauliza, "za kila mwezi. Ulikuwa unazitoa kwenye hizo mia nne na thelathini?"

"Ndiyo."

"Na ile pesa uliyotuma ya kutibu magoti yangu?"

"Hiyo nilikopa kazini."

Simu ikalazwa kifudifudi mezani. Kwa muda waliona giza, na wakasikia mtu akipenga kamasi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Paji la uso liliporudi lilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa haina pa kwenda. "Mbona hukusema?"

"Nilisema. Mwaka wa kwanza."

"Ungesema tena!"

Linta akaingilia. "Dada, bado miezi minane tu. Acha mimi nirudi, wewe upate karatasi zako."

"Na baada ya hapo utapanda kreni ya nani?"

Linta akajikuna kichwa.

"Mwenye kidogo ndiye anarudi," Benki akasema. "Tulikubaliana. Mwenye kidogo ni mimi. Yule wa mabati mwambie asije."

Alisema hivyo kwa uthabiti, akakata simu, kisha akakaa kitandani akitazama dirisha la watu wengine hadi wakafunga pazia. Haikuwa imemwingia bado kwamba ile miaka kumi na moja haingehesabiwa popote. Ilimwingia siku tatu baadaye, katikati ya shuka, na mwenzake akabaki ameshika pembe mbili huku mbili nyingine zikiburuzika sakafuni. Msimamizi akaja kuona kulikoni. Aliposikia anaacha kazi akafikiri ni mbinu ya kudai nyongeza, akamwongeza senti arobaini kwa saa. Benki, kwa mazoea, akagawanya papo hapo: ilikuwa nusu ya gharama ya hita. Akashukuru. Mwenzake wa mashine, ambaye kwa miaka sita walikuwa wamezungumza zaidi kwa nyusi kuliko kwa maneno, alilia, kisha akauliza kama hita inauzwa.

Alifika nyumbani na mabegi mawili. Binamu walioyabeba walishangaa wepesi wake, na kwa adabu hawakusema. Wiki ya kwanza ilikuwa ya kujifunza. Mzee alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, na alikuwa na aibu ya kugeuzwa na binti yake, aibu aliyoificha kwa ukali. "Mimi si shuka," alimwambia. "Shuka hazilalamiki, baba," akajibu, akapitisha mkono chini ya bega lake, akamkalisha. Kuhusu shuka, kweli alikuwa hodari. Shangazi alikuja na majirani wawili kumwangalia akitandika.

Linta akapiga Jumapili iliyofuata na pendekezo. "Dada, tumeongea na Shangazi. Wewe sasa uko kazini. Nitakulipa. Mia nne kila mwezi, chakula na malazi ni juu ya nyumba. Zinazobaki nasogeza paa."

Benki akapiga hesabu. Mia nne, bila makato, bila basi, bila hita. Ilikuwa pungufu kwa thelathini tu ya kile alichokuwa akibaki nacho ng'ambo, na hapa hakuna wa kutumiwa mia tatu, kwa kuwa wote aliokuwa akiwatumia walikuwa chumba kimoja naye. Aliwaza hilo mara mbili kuhakikisha hajakosea. Alihisi kitu kilicho karibu na furaha, na karibu zaidi na hasira, na akaona afadhali ashughulike na masharti.

"Nakubali," akasema. "Na siku moja ya mapumziko kwa wiki."

"Mapumziko ya nini?" Shangazi akadakia.

"Ya kazi. Kila mahali nilipofanya kazi ilikuwapo."

"Kupumzika kumhudumia baba yako mzazi? Umesikia wapi hilo? Kesho utataka na likizo!"

"Likizo tutaongea mwisho wa mwaka."

"Linta, unamsikia dada yako?"

"Shangazi, hata mimi nina siku moja," Linta akasema kutoka kwenye simu, kwa unyenyekevu. "Ipo kwenye mkataba."

"Mkataba! Hii ni familia!"

Wakabishana hivyo, watu watatu, juu ya kitanda cha mgonjwa, simu imesimamishwa kwenye glasi ya maji. Shangazi alitaja tumbo lililomzaa Benki. Benki alitaja mgongo wake. Linta alitaja saa za ziada, akaambiwa anyamaze na pande zote mbili.

"Mpeni," Mzee akasema.

Wakamgeukia.

"Mpeni hiyo siku. Tangu aje ananitembeza asubuhi, ananitembeza jioni, hanionei huruma hata chembe. Na mimi nataka siku moja nisinyanyuliwe na mtu." Akajivuta kwenye mto, akakunja uso kwa maumivu, akamzuia binti yake kwa kiganja asije kumsaidia. "Iwe Jumatano. Jumanne jioni huwa nimechoka naye kabisa."